Nilishindwa kumfariji mwenzangu Mchina aliyefiwa, na sasa nimepakua programu 11 za Kichina

Mama Mshauri, jambo.

Mimi ni shemasi katika kanisa moja la Kiprotestanti hapa Lubumbashi, komini ya Kampemba. Nina umri wa miaka 36, na siku za kazi ni karani wa ghala la vipuri vya malori kando ya barabara iendayo Likasi. Katika ghala hilo tunafanya kazi pamoja na Wachina saba. Kwa miaka mitatu tumeelewana kwa ishara, kwa tarakimu tunazoandika kwenye mashine ya hesabu, na kwa Kiswahili chao kidogo ambacho, lazima nikiri, kinazidi Kichina changu.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, mmoja wao alifiwa na mama yake huko kwao Hunan. Ni fundi wa mitambo, mtu wa rika la baba yangu mdogo. Hakuweza kusafiri. Asubuhi hiyo nilimkuta amekaa juu ya tairi nyuma ya ghala, simu mkononi, akitazama picha ya mama mzee aliyeshika bakuli. Unajua desturi yetu, Mama: mtu akifiwa hatumwachi peke yake, watu hujaa nyumbani kwake, kilio kinalala usiku na mchana. Yeye hakuwa na kilio. Nilikaa kando yake, nikataka kumwambia neno moja tu, kwamba Bwana amfariji. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba Bwana kwa Kichina ni zhu, na neno la kufariji nikalipata kwenye kitafsiri cha simu. Nikaunganisha, nikalisema kwa sauti. Alinitazama kwa mshangao, akainuka, akaenda zake bila kusema kitu.

Siku mbili baadaye kijana mmoja wa ofisini, Mchina anayejua Kifaransa, alinieleza kwa upole kwamba, kwa jinsi nilivyotamka, nilikuwa nimemtaja nguruwe. Niliona aibu kiasi cha kushindwa kula bukari siku ile. Nilikuwa nimemwongezea maumivu mtu aliyekuwa katika siku ngumu kuliko zote, tena kwa jina la Mungu.

Tangu hapo nimeamua kujifunza Kichina kwa dhati, kwa ajili ya huduma. Kila mwisho wa mwezi ninanunua mega za intaneti, na sasa simu yangu ina programu 11: za michezo ya maneno, za kuandika herufi, za HSK, yaani mtihani wa kupima Kichina cha wageni, kamusi mbili, Biblia, na nyingine ambazo hata sijazifungua. Miezi mitano imepita. Ninaweza kusema tufaha, paka na uwanja wa ndege, lakini siwezi kumuuliza mtu kama amelala vizuri. Kiingereza changu ni cha shuleni tu, na maelezo mengi katika programu hizo ni ya Kiingereza.

Nina maswali matatu. Kwanza, katika nyenzo hizi zote nishike zipi? Pili, je, ni lazima nijifunze herufi zao, au inatosha kusoma kwa maandishi ya kilatini? Tatu, mchungaji wetu amefurahi sana kusikia nasoma Kichina, na ametangaza kwa wazee wa kanisa kwamba baada ya miezi sita nitaanza kuwahubiria Wachina wa mtaa wetu. Sikuwa na ujasiri wa kumjibu. Nifanye nini?

Shemasi wa Kampemba

—

Papa Shemasi,

Nimefanya kazi ya ukalimani kati ya wafanyabiashara wa mji huu na Wachina kwa miaka mingi, na nimesikia makosa ya kila namna, mengi yakiwa yangu mwenyewe. Nianze na hilo linalokuuma, kwa sababu ndani yake mna jibu la sehemu kubwa ya barua yako.

Neno la Bwana, yaani Bwana Mungu, ni zhǔ, na toni yake ni ya tatu: sauti inashuka hadi chini kooni na kukaa huko. Nguruwe ni zhū, toni ya kwanza: sauti inaanza juu na kubaki juu, imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Konsonanti ni ileile na vokali ni ileile. Wewe ulilitamka kama mtu anayeita kwa mbali, kwa sauti ya juu, kwa kuwa ulitaka kulisema kwa heshima na kwa nguvu. Ulichotaka kusema ni Yuàn Zhǔ ānwèi nǐ, Bwana akufariji, na maneno hayo ni sahihi kabisa. Kilichokukosesha ni kwamba ulijifunza neno kwa macho. Pale ulipolisoma na kwenye kitafsiri neno lilikujia likiwa limeandikwa, wewe ukalisoma kwa mazoea ya Kiswahili na Kifaransa, na hakuna sikio lililolisahihisha kabla halijafika kwa mfiwa.

Sasa nikwambie jambo la kukutia moyo. Watu hudhani toni ni kitu cha ajabu kutoka Asia, ilhali sisi wa Katanga tumezaliwa nazo. Kiswahili hakina toni, lakini Kiluba kinazo, Kibemba kinazo, Lingala inazo. Bila shaka unasikia Lingala: kokoma ikisemwa chini ni kuandika, na sauti ikipanda katikati ni kufika, na hakuna mtoto wa Kinshasa anayezichanganya. Kama nyumbani kwenu mlisema Kiluba, basi sikio lako tayari linajua kwamba urefu wa sauti ni sehemu ya neno, sawa na herufi zake. Kifaransa nacho kimekupa kitu: ile sauti ya u ya neno lune ndiyo wanayoitumia Wachina katika yú, samaki, na katika nǚ, mwanamke. Mwanafunzi anayesema Kiingereza huhangaika nayo wiki nzima, wewe unayo tangu darasa la tatu.

Kinachobaki kigumu ni pumzi. Katika Kichina tofauti ya b na p haiko katika mtetemo wa koo kama kwetu. Iko katika pumzi inayotoka mdomoni. Shika kipande cha karatasi mbele ya midomo: kwa p karatasi inaruka, kwa b inatulia. Waswahili wa pwani wana jambo hilo wanapotenganisha paa la nyumba na paa mnyama, ila huku kwetu tumelipoteza.

Kwa hiyo, kwa wiki tatu za kwanza, acha kukusanya maneno. Tumia muda huo kwa toni nne peke yake, na kwa jozi za toni, maana katika maneno halisi toni hazikai pekee. Anza na māma, mama, uitenganishe na mǎ, farasi. Kisha nǐ hǎo, ambamo toni mbili za tatu zikikutana ile ya kwanza hupanda na kuwa ya pili, ingawa maandishi hayaonyeshi. Jirekodi kwenye simu, sikiliza rekodi ya Mchina, halafu sikiliza yako, moja baada ya nyingine, hadi wewe mwenyewe usikie kosa kabla ya mtu kukwambia. Dakika ishirini asubuhi kabla ya basi, na kumi jioni, zinatosha.

Nakuja kwenye swali lako la kwanza. Baki na programu tatu, nyingine zifute leo. Simu iliyojaa hukupa hisia ya kusoma bila kusoma, na najua bei ya mega.

Ya kwanza ni kamusi. Pleco ni kamusi ambayo wanafunzi wa Kichina wameitumia kwa zaidi ya miaka ishirini, kamusi yake ya msingi hupatikana bure, na ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti, jambo la maana katika mji ambao umeme na mtandao huondoka pamoja. Maelezo yake ni ya Kiingereza, na hapo ndipo unapokwama. Usiitumie basi kama mwalimu wa maana. Itumie kama shahidi wa herufi na toni. Maana utaiandika mwenyewe kwa Kiswahili, baada ya kumuuliza mtu.

Utaiandika katika programu ya pili, nayo ni Anki, ambayo kwa simu za Android huitwa AnkiDroid na haina malipo. Ni programu ya kadi: upande mmoja swali, upande wa pili jibu, na kadi unayoikumbuka hurudi baada ya siku nyingi, unayoisahau hurudi kesho. Wengi hupakua kadi 5,000 zilizotengenezwa na watu wengine, wanazama katika wiki ya pili. Wewe tengeneza za kwako, tano kwa siku, si zaidi. Ni kadi 150 kwa mwezi, na kila moja utaijua ilikotoka. Upande wa mbele wa kadi usiweke maandishi, weka sauti. Mwombe yule kijana wa ofisini asome sentensi tano kwenye simu yako wakati wa mapumziko, uziingize, na upande wa nyuma uandike pinyin, yaani Kichina kwa maandishi ya kilatini, yenye alama za toni, herufi, na maana ya Kiswahili. Hivyo kila asubuhi utajibu sauti ya mtu unayemjua.

Ya tatu ni Biblia yenye kusikilizwa. Programu ya YouVersion ina Biblia ya Kichina, ya Kiswahili na ya Kifaransa mahali pamoja, na baadhi ya tafsiri zina sauti. Makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Kichina husoma tafsiri iitwayo Héhéběn, iliyotolewa mwaka 1919, ambayo jina lake laweza kuelezwa kama Biblia ya Muungano, kama ile yetu ya Kiswahili ya mwaka 1952. Ipo pia iliyosahihishwa, ya mwaka 2010. Chukua Injili ya Marko, yenye sura 16 tu, kwa sababu sentensi zake ni fupi na watu wake wanatembea, wanakula, wanaugua, wanapona. Sikiliza sura moja kwa wiki nzima, kila siku ileile, huku ukifuata kwa Kiswahili ambacho tayari unakijua karibu kwa moyo. Hapo ndipo mtu wa kanisa anapomzidi mwanafunzi wa kawaida: wewe unajua hadithi kabla hujaijua lugha. Lakini jihadhari, lugha ya tafsiri hiyo ina umri wa karne moja, na mtu akizungumza kazini kwa maneno ya mwaka 1919 wenzake watamwona kama anayesoma tangazo. Itumie kwa sikio na kwa sala, si kwa mazungumzo ya ghalani.

Vitafsiri vya simu sikukatazi, lakini usivipe kamwe sala. Jaribu mwenyewe: Bwana kwa Kiswahili ni Mungu, ni mume, ni mtu yeyote mwenye suruali, na mashine haijui unamtaja nani. Inaweza kukupa xiānsheng, ambalo ndilo neno la kumwita bwana fulani dukani. Yule mwenzako angesikia kwamba bwana fulani atamfariji, na angeuliza ni nani.

Kuna jambo ambalo hakuna programu itakayokuonya, nami nimeona Wakristo wa nia njema wakianguka hapo. Kichina cha Kikatoliki na Kichina cha Kiprotestanti ni kama lugha mbili za dini moja. Wakatoliki humwita Mungu Tiānzhǔ, Bwana wa Mbingu. Waprotestanti husema Shén au Shàngdì, na hata ile Biblia ya Muungano huchapishwa kwa namna mbili, moja yenye neno hili na nyingine yenye lile, kwa sababu ubishi juu ya jina la Mungu ulianza miongoni mwa wamisionari wa karne ya 19 na haukuisha. Roho Mtakatifu kwa Wakatoliki ni Shèngshén, kwa Waprotestanti ni Shènglíng. Yohane ni Ruòwàng kwa wale, Yuēhàn kwa hawa. Petro ni Bóduōlù kwa wale, Bǐdé kwa hawa. Hata sala ya Baba Yetu huanza tofauti: Wakatoliki husema Wǒmen de tiānfù, Waprotestanti Wǒmen zài tiānshàng de fù. Ukikusanya rekodi na video bila kutazama zilitoka kanisa gani, utachanganya vyote katika sala moja, na msikilizaji hatajua wewe ni nani. Tena Mchina wa kawaida akisikia Jīdūjiào, neno ambalo wewe utalifasiri kuwa Ukristo, huelewa Uprotestanti, na Ukatoliki kwake ni Tiānzhǔjiào, jambo jingine. Kwa hiyo kila nyenzo unayoingiza katika simu iulize kwanza imeandikwa na nani.

Na neno zuì. Kanisani ni dhambi. Mtaani na mahakamani ni kosa la jinai. Ukimwambia mfanyakazi mgeni nǐ yǒu zuì, ukiwaza una dhambi kama sisi sote, yeye anasikia kwamba umemwita mhalifu, tena katika nchi ya watu, ambako tayari ana hofu ya kusimamishwa na askari barabarani. Hilo ni neno la mwisho kulifundisha, si la kwanza.

Neno hilohilo linanileta kwenye swali lako la pili, la herufi. Kulewa nako ni zuì, na toni ni ileile ya nne. Sikio halitakusaidia hapo. Katika maandishi ya kilatini yanayoitwa pinyin, ambayo China iliyakubali rasmi mwaka 1958, dhambi na ulevi ni kitu kimoja. Katika herufi, 罪 na 醉 hazifanani. Kwa hiyo ndiyo, jifunze herufi, lakini kwa kuzitambua, si kuziandika kwa mkono. Leo hata Wachina wenyewe huandika pinyin kwenye simu na kuchagua herufi inayotokea. Atakayekwambia uandike kila herufi mara mia kwenye daftari anakutakia mema, ila mtu mwenye kazi ya ghala na huduma ya kanisa hana saa hizo.

Anza na herufi zilizo mbele ya macho yako. Tazama mlango wa nyumba ya Wachina wa ghala lenu. Ni desturi yao kubandika mlangoni karatasi nyekundu ya mwaka mpya yenye herufi moja kubwa, wakati mwingine imegeuzwa juu chini. Hiyo ni 福, fú, yaani heri, baraka. Iweke pamoja na yīn, sauti, unapata fúyīn: Injili. Sasa angalia upande wake wa kushoto, ile alama ndogo 礻. Asili yake ni meza ya sadaka. Utaikuta tena katika 神, Shén, Mungu, na katika 祷, neno la kuomba, na katika 祝, kubariki. Ukishaijua alama hiyo moja, ukurasa wa Biblia uliokuwa ukuta unaanza kuwa na madirisha, kwa sababu mara nyingi inapotokea habari ni ya Mungu, ya sala au ya baraka. Nilipoioneshwa mara ya kwanza nilirudi nyumbani nikaitafuta katika sura nzima kwa penseli. Chagua herufi zilizorahisishwa, zinazotumika China bara tangu miaka ya 1950, kwa maana ndizo za wenzako. Zile za zamani ni za Taiwan na Hong Kong, na vitabu vingi vya kidini hutoka huko, hivyo usishtuke ukikuta herufi iliyo na mistari mingi kuliko uliyojifunza.

Mtihani wa HSK sitauzungumzia kwa kirefu. Katika mpangilio wa mwaka 2010 ngazi ya kwanza ina maneno 150, ya pili 300, ya tatu 600, na mpangilio mpya wa mwaka 2021 umefika ngazi tisa. Orodha hizo ni nzuri kwa anayetafuta udhamini wa masomo. Ndizo zilizokufundisha tufaha na uwanja wa ndege.

Wewe unahitaji orodha nyingine, na hapa lugha yetu ni msaada mkubwa. Mfaransa akijifunza Kichina hukwama kwenye xīnkǔ le, kwa kuwa hana neno lake. Sisi tunalo: ni pole na kazi. Hulisema Mchina kwa mwenzake aliyetoka juani, kama wewe unavyomwambia mtu aliyepakua mifuko ya saruji. Mgeni akiondoka wanamwambia màn zǒu, tembea polepole, nasi twasema nenda salama. Wanakuuliza kama umekula, nǐ chī le ma, bila nia ya kukupikia, kwa kuwa ndiyo salamu. Na kwa aliyefiwa wanasema jié āi shùn biàn, neno la heshima la zamani, lenye maana ya kupunguza majonzi na kuyapokea yaliyotokea. Ndilo ulilolihitaji asubuhi ile. Maneno kama haya arobaini, yakiwa na toni zake, yatakupeleka ndani ya maisha ya watu kuliko maneno 600 ya orodha.

Mwalimu wako anakaa mita ishirini kutoka kwenye meza yako. Yule kijana wa ofisini bila shaka anataka Kiswahili, maana bila Kiswahili hawezi kununua hata nyanya kwa bei ya haki. Mpangie mabadilishano: nusu saa Kiswahili, nusu saa Kichina, mara mbili kwa wiki, baada ya kazi. Usimfanye mwanafunzi wa Biblia kwa hila. Mwambie wazi kwamba unajifunza pia maneno ya kanisa, na kama hapendi kuyarekodi, akurekodie ya kawaida. Utasikia pia kwamba wengi wa watu wa kusini, Hunan ikiwamo, hawatenganishi sana sh na s, wala zh na z, hivyo fundi wako akitamka "si" mahali ambapo kamusi imeandika "shi", usimsahihishe.

Na hapa nakuomba unisikilize kwa makini kuliko kote. Wengi wa wageni hawa wana sababu za kutotaka dini yao ijulikane. Mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha China haruhusiwi kuwa na dini, na katika kampuni za serikali yao wanachama si wachache. Tangu tarehe 1 Machi 2022 China ina kanuni zinazobana mafundisho ya dini kwenye intaneti, na WeChat, programu wanayoitumia kwa kila kitu, iko chini ya sheria za huko. Kwa hiyo usimtumie mtu aya ya Biblia kwa WeChat ili kumfurahisha. Usimwingize katika kundi. Usipige picha ya Mchina aliyekuja ibadani ukaiweka hadharani, hata kama kanisa zima linashangilia. Akikutumia yeye mwenyewe, mjibu kwa namna yake. Vinginevyo yawe maneno ya uso kwa uso. Tendo letu dogo la furaha linaweza kumfuata mtu hadi kwa waajiri wake, na sisi tutakuwa tumesahau.

Kuhusu mchungaji wako: nenda kwake wiki hii, peke yako, kabla tangazo halijazaa tangazo jingine. Mwambie kwa heshima kwamba kwa miezi sita utakuwa umeweza kusalimia, kumpokea mgeni mlangoni, kusema sala ya Baba Yetu pamoja naye na kusoma aya chache kwa toni sahihi, na kwamba hayo ni huduma kamili. Mahubiri ni suala la miaka. Matteo Ricci, mmisionari Mkatoliki, alifika Macau, pwani ya China, mwaka 1582, akaingia Beijing kukaa mwaka 1601. Miaka yote ya katikati alikuwa akijifunza, akisikiliza, akikosolewa. Robert Morrison, mmisionari Mprotestanti, alifika China mwaka 1807, na Biblia yake kamili ya Kichina ikachapishwa mwaka 1823. Kama kanisa linataka kitu cha kuonekana mapema, liandae karatasi yenye nyimbo mbili na usomaji wa Jumapili kwa herufi za Kichina, zikaguliwe na Mchina kabla ya kuchapwa, ziwe tayari kwa mgeni atakayeingia. Hilo unaweza kulisimamia kwa miezi miwili.

Umebaki na fundi wako. Hukuniuliza habari zake, lakini ndiye aliyekufanya uandike. Mwombe yule kijana amweleze kwa Kichina ulichokuwa unataka kusema siku ile. Asiongeze kitu, aseme tu kwamba ulikuwa ukimwombea faraja na toni ilikukosesha. Mchina anajua jinsi toni zinavyomkosesha mgeni. Pengine ameshaelewa, ila aliondoka kwa kuwa machozi yalikuwa karibu na hakutaka kuyaonyesha mbele yako wewe uliye mdogo kwake.

Kisha jiandae kwa mwezi wa nne. Tarehe 4 au 5 Aprili ni Qīngmíng, siku ambayo Wachina huenda kufagia makaburi ya wazazi wao. Itakuwa ya kwanza kwake tangu mama yake alale, na kaburi liko Hunan, yeye yuko kwenye barabara ya Likasi. Una muda wa kuweka sentensi mbili katika kadi zako, zikiwa na sauti ya kijana. Moja ni Nǐ xiǎng jiā ma, unapakumbuka nyumbani, ambayo inapanda, inashuka, inanyooka juu, na kumalizikia kwa ma nyepesi isiyo na toni. Ya pili ni Wǒ kěyǐ wèi nǐ dǎogào ma, naweza kukuombea. Mpelekee chai asubuhi hiyo. Sema ile ya kwanza, halafu nyamaza, umwache azungumze kwa Kichina hata kama unaelewa neno moja katika kumi. Ile ya pili iseme kama atakaa. Akitikisa kichwa kukataa, kunywa chai yako kando yake. Akikubali, omba kwa Kiswahili, na mwishoni useme āmen, ambayo kwa Kichina ni neno lilelile.

Mama Mshauri